Radi Iliyopotea Njia

Mazwi, Sumbawanga
Msimu wa kuvuna ulezi

Kaka Maganga,

Shikamoo kaka. Mama naye mwamkie kwa niaba yangu, na kabla hujamsomea neno lingine lolote mwambie kwamba mguu wangu upo, haukukatwa, na huyo aliyewaletea habari za kukatwa alikuwa anatafuta chai tu. Natembea kwa gongo moja. Mwanzo yalikuwa mawili. Nakula, nalala, ila baridi ya huku si ya mchezo, na ikifika alfajiri mfupa ulioungana unaniamsha kama mtu aliyeajiriwa kwa kazi hiyo. Zaidi ya hapo mimi mzima. Ninyi je? Kifua cha mama kimetulia? Wifi aliniandikia kwamba karanga zilikauka zikiwa bado na maua, nikasikitika sana, maana najua mlivyozitegemea.

Barua yako nimeisoma na nimeirudia. Umeniamuru mambo manne kwa mpigo, kama kawaida yako: nichukue anachonipa mwenye lori, niuze cherehani, nipande basi nirudi Nzega, na niache kumtetea mwanamume aliyetaka kuniua na akakiri mwenyewe polisi. Hilo la mwisho ndilo lililonikalisha kitako nikuandikie barua ndefu namna hii. Yaani habari hiyo imefika mpaka huko? Kaka, maneno hayo yalifika hata mahakamani, na nusura yaninyime haki yangu yote. Sasa tulia, mwambie mama asogee karibu, niwape habari toka mwanzo.

Huyo aliyetaka kuniua ni Oresto. Ni Mfipa, jirani yangu, mlango kwa mlango. Tangu marehemu shemeji yako anilete huku kwenye biashara yake ya mahindi, Oresto hajawahi kuniita jina langu. Mimi ni Mnyamwezi, yeye ni Mfipa, basi. Watani, mambo hayo unayajua. Siku tulipomzika mume wangu, watu wote wanalia, Oresto aliingia kaburini akajilaza, akasema hatoki mpaka apewe kuku, kwa sababu marehemu anaondoka na nyundo yake. Nilicheka siku ya kumzika mume wangu, kaka. Na wageni walipotawanyika, ni huyohuyo aliyekuwa anakuja kila asubuhi kuniuliza kama kuna unga.

Nilipobaki peke yangu nilikuwa na cherehani tu, na unajua mambo yalivyobadilika. Siku hizi kila mtu anavaa mitumba, nguo ya kushonesha ni ya harusi na ya shule. Sikukaa kulia. Nafungua robota, nabana suruali za Wazungu wanene ziwakae watu wa huku, nageuza kola zilizochakaa, halafu nazipeleka mnadani Chala. Oresto ana pikapu kuukuu, ndiyo inayotubeba sisi wa minadani.

Siku ya ajali tulikuwa wawili tu pale mbele, nguo zangu nyuma chini ya turubai. Yeye kwenye usukani, mimi kushoto kwake. Tulikuwa tumetoka mjini, tuko kwenye barabara kuu, mwendo wa kawaida, maana barabara yenyewe ina mashimo ya kukutoa meno. Pale inapoingia njia ya kutoka kwenye maghala ya mahindi, lori likatokea upande wangu, limejaa magunia, wala halikusimama. Wanunuzi wa mahindi siku hizi wako mbio, kila mmoja anataka kumwahi mwenzake. Niliona bampa likiwa karibu na kiwiko changu. Nikaita, "Oresto," jina lake hasa, sikumwita Mfipa. Halafu mlango ukaingia ndani ukanikuta palepale nilipokaa.

Paja lilivunjika vibaya na mbavu zikapata nyufa. Oresto alipasuka kipaji cha uso tu. Wananchi ndio walionitoa kwa kung'oa mlango na nondo. Nilipopata akili sawasawa nilikuwa wodini, mguu umening'inizwa kwa kamba na uzito, na maumivu hayo sikutakii hata kidogo, hata ukiniudhi vipi.

Sasa sikiliza hapa, ndipo shughuli ilipoanzia. Oresto alikuja kuniona, kafungwa bendeji kichwani, kabeba uji wa ulezi kwenye chupa ya chai. Alisimama miguuni pangu akautazama ule mguu. Niliona midomo inamtetemeka. Nilijua akilia yeye, na mimi nitalia, na mbavu zile hazikuruhusu kulia. Na yeye alijua. Kwa hiyo akafanya anachofanya siku zote. Wakati huohuo alikuwa ameingia koplo mmoja wa trafiki, kijana mgeni hapa, bado hajamaliza hata kufungua mizigo ya uhamisho. Akauliza dereva wa pikapu ni nani. Oresto akamjibu huku ananitazama mimi.

"Ni mimi, afande. Huyu Mnyamwezi nimemtafuta siku nyingi. Nilianza kumtumia radi, ikapotea njia. Nikaona nimpakie kwenye gari, nimweke upande wa lori, limmalize. Kaburi lake nimeshachimba nyuma ya nyumba, na hata hivyo hakufa."

Kaka, unajua jinsi wenyeji wa huku wanavyosifiwa kwa radi. Nilicheka mpaka mbavu zikanikata pumzi. Ilikuwa mara ya kwanza kujisikia kwamba mimi bado ni mtu, si mguu ulioning'inizwa. Koplo akanigeukia, akauliza kama ni kweli. Mtani akikuchokoza usipomjibu umemtukana, hilo hata mama alitufundisha. Nikasema, "Kweli kabisa, afande. Mfungeni."

Akaandika. Sikumwona akicheka, lakini nani anamwangalia askari usoni akiwa na maumivu yale. Kumbe alikuwa anaandika kwelikweli. Siku iliyofuata Oresto akawekwa ndani, akatoka kwa dhamana, na shtaka la kuendesha kwa hatari likawa lake. Dereva wa lori akarudi kupakia mahindi.

Nilipata kulijua jambo hili kwa kinywa cha mtu wa mwenye lori. Mwenye lori hakuja mwenyewe, alimtuma binamu yake, mtu mpole wa maneno, na mchele na sukari na bahasha. Alinipa pole ndefu sana. Halafu akasema dereva wangu amekiri mwenyewe, kwa hiyo mwenye lori hana kosa, ila ana huruma. Akanishauri nimdai Oresto, na hii bahasha niichukue kama pole tu, ila niweke dole gumba kwenye karatasi. Nikamwambia mimi nimesoma mpaka darasa la saba, dole gumba langu nalitumia kusukumia nguo kwenye sindano. Nikaisoma. Ilisema sitakuwa na madai yoyote kwa mwenye lori wala kwa bima yake, leo wala siku nyingine. Nikamrudishia karatasi na bahasha. Mchele niliubakiza, watu wa wodini tulikula.

Najua hapo umekunja uso. Umesema katika barua yako kwamba kitu kilichoko mkononi ndicho kitu. Na mimi siku ile niliogopa, usifikiri nilikuwa jasiri. Niliyatazama mabati ya wodi nikajiuliza cherehani ya miguu itakanyagwa na nani. Nilijiona nimerudi kwako, nimekaa barazani kwa wifi, nalishwa, kila mgeni anaonyeshwa mguu. Ndipo nikasema hapana. Sikuugonga mlango mwenyewe. Aliyenivunja atanilipa, na atanilipa yeye, si mtu mwingine.

Nilipotoka hospitali nilisikia kuna wakili mama mmoja anayekuja kutoka Mbeya majaji wanapokuja kusikiliza kesi hapa. Nilikwenda kumsubiri alikofikia, na magongo yangu mawili. Hakuniringia hata kidogo. Alinieleza vizuri, nami nakueleza alivyonieleza, maana najua utauliza. Kwanza kuna kesi ya trafiki, hiyo ni ya serikali na dereva, nia yake ni kumwadhibu mwenye kosa, mimi ni shahidi tu. Halafu kuna kesi ya madai, hiyo ni yangu mimi: naweza kumdai dereva, naweza kumdai tajiri yake kwa sababu dereva alikuwa kwenye kazi yake, na nyuma yao iko bima ambayo kila gari limelazimishwa kuwa nayo kwa ajili ya watu kama mimi. Nitunze ile fomu ya polisi ya matibabu, nitunze risiti zote, daktari aandike ulemavu utakaobaki. Kupatana nje ya mahakama si vibaya, ila isiwe kwa dole gumba kitandani. Iwe kupitia kwake. Na nisikae mpaka muda wa sheria ukapita.

Halafu akavua miwani. Alisema abiria kama mimi anaweza kuyadai magari yote mawili, na kwa kuwa Oresto amekiri, njia nyepesi ni kumdai Oresto. Lakini akatazama karatasi za pikapu akatikisa kichwa, kwamba bima yake ni ya kubebea mizigo, watakataa kulipa abiria, na mimi nitaishia kumnyang'anya Oresto hiyo pikapu. Na Oresto akitiwa hatiani kwenye kesi ya trafiki, watu wa lori wataishika hukumu hiyo waitumie kunikatalia madai. Kwa hiyo kesi ya Oresto ndiyo mlango wa kesi yangu. Ukifungwa ule, na huu umefungwa.

Nilirudi nyumbani na moto kifuani. Nikampitia Oresto nimweleze. Kaka, nilikuta mtu mwingine. Alisimama, akanipa kiti, akasema, "Karibu, dada Kabula. Unaendeleaje?" Dada Kabula! Yule yule aliyelala kaburini. Nilimchokoza, nikamuuliza kaburi langu amempangisha nani. Akatazama chini, akasema maneno yake yamenipotezea haki, na kuanzia siku ile hatatania tena na mtu. Wiki zilizofuata ikawa hivyohivyo, habari za asubuhi dada, pole na kazi dada. Iliniuma kuliko paja, nakwambia kweli. Mume wangu alikufa, mguu umevunjika, na sasa hata wa kunitukana sina.

Basi siku ya kesi ikafika. Chumba kilijaa watu wa minadani, maana wote tulibebwa na ile pikapu. Hakimu ni mtu wa makamo, anasema polepole, hana mzaha. Koplo alitangulia kuapa. Akasoma alichoandika: kwamba mshtakiwa alisema alimtafuta mlalamikaji siku nyingi, akampakia kwenye gari na kumweka upande wa lori ili limmalize, na kwamba kaburi lilishachimbwa. Akaongeza kwamba na mimi nilithibitisha. Nyuma yangu watu wakaguna kwa kicheko, hakimu akaamuru kimya. Nilimtazama Oresto kizimbani. Alikuwa ametazama viatu vyake.

Nikaitwa. Nilieleza ajali ilivyokuwa, tulikuwa barabara kuu, lori lilitoka njia ndogo, halikusimama. Mwendesha mashtaka akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akaniuliza kama ni kweli nilimwambia koplo "kweli kabisa, mfungeni." Nikakubali. Akasema basi, kwa kinywa changu, nilikiri kwamba mshtakiwa alitaka kuniua. Nikaona sasa ananifunga na kamba yangu mwenyewe. Nilikuwa nimejiandaa kueleza utani ni nini, nikaona nikianza hivyo nitaonekana nimepikwa. Nikashika gongo vizuri.

"Mheshimiwa, niliposema kweli kabisa nilikubali yote. Nilikubali na radi."

Hakimu akainua kichwa. Akauliza radi gani. Nikamwambia ni ile aliyonitumia kwanza ikapotea njia. Chumba kizima kikaangua kicheko, mpaka karani wa mahakama akajificha nyuma ya faili. Hakimu hakucheka. Alingoja kimya kirudi, akatazama maandishi ya koplo, akayageuza, akasema hapa hakuna radi. Akamwita koplo arudi.

Akamuuliza kama alisikia habari ya radi. Yule kijana, na namsifu kwa hili, hakudanganya. Akasema alisikia. Hakimu akamuuliza mbona hakuandika.

"Niliona hiyo ni utani, mheshimiwa," akasema koplo.

Hakimu akaweka kalamu chini. "Na iliyofuata?"

 Koplo, jasho linamtoka na baridi yote hii ya Sumbawanga, akasema kwa sauti ndogo kwamba utani aliujua wa harusini na msibani, wa wodini hakuujua. Nilimwonea huruma, kaka. Alikuwa kijana tu na kazi yake.

Hukumu ilisomwa siku nyingine. Hakimu alisema maneno kama yale hayawezi kumfunga mtu, na mchoro wa trafiki wenyewe unaonyesha pikapu ilipigwa ubavuni ikiwa kwenye haki yake. Oresto akaachiwa. Baadaye dereva wa lori akashtakiwa yeye, akakiri kwelikweli, akatozwa faini. Faini imekwenda serikalini, mguu wangu haukupata hata panadol. Ndiyo maana sasa nimefungua kesi yangu ya madai, dhidi ya dereva, tajiri yake, na bima. Wamejibu kwa kukana, kama wakili alivyosema watakana. Tumepangiwa tarehe ya kuanza kusikilizwa.

Binamu yake mwenye lori amekuja tena, safari hii na unga wa ngano na bahasha iliyonona. Nimempa namba ya nyumba ya wakili. Wakili ameniambia wazi kwamba kesi inaweza kuchukua muda, kuahirishwa leo, kesho, keshokutwa, na watu wengi huchoka wakaacha, na wenye magari wanalijua hilo. Nimemwambia mimi nakanyaga cherehani kwa mguu mmoja kutwa nzima, sichoki upesi.

Sasa unaelewa, kaka, kwa nini siuzi cherehani wala sirudi Nzega. Si kiburi. Nikipanda basi, kesi ikaitwa na mimi sipo, inafutwa, na yule binamu atakula mchele wake mwenyewe akinicheka. Hospitali iliyonitibu iko hapa, mashahidi wako hapa, na nguo zangu zina wateja hapa. Nimejifunza kukanyaga kwa mguu wa kulia peke yake. Mshono unakwenda taratibu, lakini hauendi kombo. Nakuheshimu, wewe ndiye baba yangu baada ya baba, ila katika hili usiniamuru. Niombee, hiyo ndiyo kazi ninayokupa. Na ukitaka kunisaidia zaidi, njoo ukae nami siku ya kwanza ya kusikilizwa, watu wa lori waone kwamba nina ndugu.

Oresto? Asubuhi baada ya hukumu nilikuwa nafagia uani, nimeegemea gongo. Akasimama kwenye uzio wa mabua. Nikajiandaa kuitwa dada Kabula. Akanitazama juu mpaka chini, akasema, "We Mnyamwezi, bado unapumua? Na kaburi linaingia maji." Kaka, nililia. Nililia fagio mkononi, mbele ya watoto wa watu. Halafu nikamuuliza kama ile radi yake imeshaonekana au bado inaulizia njia. Akacheka mpaka akakaa chini, na alipoinuka nikaona na yeye anafuta macho.

Mama mwambie asimuuze yule mbuzi wangu, amtunze mpaka kesi iishe. Nisalimie wifi na umwambie gauni lake nimeshalikata, bado pindo. Nisalimie mama mkubwa wa Igunga, baba mdogo na kisukari chake, na shangazi, na huyo umwambie nimemsamehe kwa zile habari za mguu. Watoto wako wote wabusu kwa ajili yangu, hasa yule wa mwisho ambaye sijamwona.

Ukija, shuka stendi kuu umuulizie Oresto mwenye pikapu ya buluu, mlango mmoja wa kijani. Atakuambia nimekufa. Atakuambia amenizika mwenyewe, na atakudai kuku. Usiniaibishe, mjibu kama mwana wa Unyamwezi, ila angalia kwanza kama hakuna askari karibu. Halafu panda gari lake, kaa upande wangu wa kushoto, usiogope. Atakuleta mpaka mlangoni.

Mimi mdogo wako, mzima, na mguu wangu,
Kabula